Kilichoua Husuni Kubwa

Mwanzoni mwa karne ya 14, miji miwili ya biashara iliyotenganishwa na bahari na majangwa ilijenga majumba makubwa ya utawala karibu wakati mmoja. Wa kwanza ni Siena, katika Italia ya kati, mji wa mabenki na wafanyabiashara wa vitambaa. Ulianza kujenga Palazzo Pubblico, jumba la umma, mwaka 1297, na kufikia mwaka 1310 watawala wake walikuwa wamekwisha kuhamia humo. Wa pili ni Kilwa Kisiwani, kusini mwa pwani ya Tanzania, mji wa Waswahili uliotajirika kwa dhahabu iliyopitia bandari ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo. Jumba lake linaitwa Husuni Kubwa, na lilijengwa zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yapata kati ya mwaka 1310 na 1333. Leo baraza la mji wa Siena lingali katika jumba lilelile, baada ya zaidi ya miaka 700. Husuni Kubwa ni magofu, na si magofu ya juzi: lilihamwa mapema sana, hata kabla mafundi hawajamaliza kazi yao.

Mtu akiulizwa sababu ya tofauti hiyo, majibu ya haraka hayakosekani. Atataja mvua na chumvi ya bahari, atataja Wareno, atataja kuporomoka kwa biashara. Kila jibu lina chembe ya ukweli, lakini hakuna hata moja linaloweza kusimama likipimwa kwa ushahidi uliopo. Hoja yangu ni tofauti. Jumba la utawala hudumu likiwa na watu wengi wenye sababu ya kuingia humo siku hadi siku, watu ambao shughuli zao haziondoki mtawala anapoondoka. Husuni Kubwa lilikuwa na mtu mmoja tu, mtawala mwenyewe, na alipokufa, likafa naye. Hoja hii inawahusu watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, kuliko inavyoonekana kwa mara ya kwanza. Goma hauna jumba la karne ya 14. Ni mji uliokua wakati wa ukoloni, ukawa makao makuu ya jimbo la Kivu ya Kaskazini mwaka 1988, Kivu ya zamani ilipogawanywa. Lakini tangu mwaka 1996 umebadilisha watawala mara nyingi kuliko miji mingi ya Afrika. Mwaka ule waasi wa AFDL waliuteka, na kiongozi wao Laurent-Désiré Kabila akaweka makao katika jumba la Rais Mobutu kando ya Ziwa Kivu. Mwaka 1998 ukawa makao makuu ya waasi wa RCD. Novemba 2012 waasi wa M23 waliushika kwa siku chache, na mwishoni mwa Januari 2025 wakaushika tena. Mji wa namna hiyo una haki ya kuuliza swali ambalo Kilwa na Siena zilikwisha kulijibu kwa mawe: nyumba ya mtawala na nyumba ya mji ni kitu kimoja?

Tuanze na Kilwa, kwa sababu jumba lake halikuwa kazi ndogo. Mawe ya ukuta ni matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, yakaunganishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe yaleyale juu ya rundo la magogo. Fremu za milango, mihrabu na mapambo zilichongwa kwa matumbawe ya aina nyingine, yaliyotolewa baharini yakiwa mabichi na laini, kwa sababu yakikauka huwa magumu na hayachongeki kwa urahisi. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba: ndiyo maana vyumba vya Kilwa, kama vya majumba ya mawe ya Lamu baadaye, ni virefu lakini vyembamba, upana wake hauzidi mita tatu hivi. Katika Husuni Kubwa mafundi walijaribu kuushinda mpaka huo. Walijenga kuba, baadhi zenye mbavu na nyingine zenye umbo la pia, na wakajenga dari za tao ambazo hazikuhitaji boriti. Walikuwa mafundi waliojua walichokifanya, na walikuwa na tajiri aliyewaruhusu kujaribu mambo ambayo pwani haikuwa imezoea.

Mpango wa jumba unaonyesha zaidi. Lina vyumba zaidi ya 100, limekaa juu ya mwamba unaoingia baharini, na lina ngazi za kushukia ufukweni. Upande ulio karibu na bahari kuna makazi ya sultani, kuna ua wenye birika la kuogelea la pembe nane, na kuna ua wenye ngazi pana za kukaliwa, ambao wachunguzi wengi wanauona kuwa mahali pa mikutano na kupokelea wageni. Upande wa kusini kuna ua mkubwa mno uliozungukwa na vyumba vingi vinavyofanana, na tafsiri iliyokubalika zaidi ni kwamba vilikuwa ghala na mahali pa biashara. Neville Chittick, mwanaakiolojia Mwingereza aliyefukua Kilwa tangu mwisho wa miaka ya 1950 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, alipata humo kipande cha maandishi ya Kiarabu kinachomtaja al-Hasan bin Sulaiman kwa cheo cha al-Malik al-Mansur, mfalme mwenye ushindi. Kwa kipande hicho tunajua jumba ni la nani, na kwa cheo hicho tunajua alijionaje.

Alikuwa na sababu ya kujiona hivyo. Dhahabu iliyotoka nyanda za juu za Zimbabwe ilishuka mpaka Sofala, na Kilwa ilikuwa imeishika njia ya Sofala. Sarafu za shaba zenye jina lake zilitumika pwani, na moja ilipatikana Great Zimbabwe kwenyewe, mamia ya kilomita kutoka baharini. Zipo pia sarafu chache za dhahabu zenye jina lake, jambo la nadra sana upande huu wa Afrika wakati huo. Kwa mujibu wa historia ya kale ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu, ujanani alikwenda kuhiji na akakaa Aden akisoma, na msanifu yeyote akitazama ua, birika na kuba za Husuni Kubwa ataona kwamba aliyeagiza kazi hii alikuwa amekwisha kuona majumba ya nchi za Kiislamu za kaskazini. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 na kumkuta sultani huyu hai. Aliusifu mji kwa uzuri wake, na akamsifu sultani kwa ukarimu uliompa jina la Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Akaongeza habari moja inayofaa kukumbukwa: Daud, ndugu wa sultani aliyemrithi, aliwaambia waombaji kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutolewa. Pengine hadithi hiyo imetiwa chumvi, lakini inasema jambo la kweli kuhusu namna utajiri ulivyopangwa. Mema ya utawala yalitoka mkononi mwa mtu, na mkono ule ulipokunjika, hapakuwa na ofisi ya kuyaendeleza.

Hapa ndipo mahali lilipojengwa Husuni Kubwa panapoanza kusema. Halikujengwa mjini. Liko yapata kilomita moja na nusu mashariki ya mji, mbali na Msikiti Mkuu, mbali na nyumba za wafanyabiashara na mafundi. Ghala zake ziko ndani ya kuta zake, na ngazi zake zinashuka moja kwa moja baharini. Mzigo ungeweza kutoka chomboni, ukapanda ngazi, ukahifadhiwa na kuuzwa bila kupita mtaa hata mmoja wa Kilwa. Siwezi kudai kwamba hiyo ndiyo nia iliyoandikwa, kwa kuwa hakuna hati inayotuambia nia ya sultani. Lakini jengo lenyewe ni hati, na jengo hili linasomeka kama mpango wa kuhamisha biashara ya mji ikaingie nyumbani kwa mtu mmoja. Watu wa mji walikuwa na misikiti yao, masoko yao na visima vyao kulekule walikokuwa. Mtu wa Kilwa asiyeitwa na sultani hakuwa na sababu ya kutembea mpaka kwenye mwamba ule.

Siena ilifanya kinyume. Jumba lake liko chini kabisa ya uwanja wa Campo, mahali ambapo vilima vitatu vya mji vinakutana, na uso wake umepinda kidogo kufuata umbo la uwanja, kana kwamba jumba limejipanga kuwatazama watu waliokusanyika. Sehemu ya chini ni ya mawe, sehemu ya juu ni ya matofali yaleyale yaliyojenga nyumba za kawaida za mji. Mwaka 1297, mwaka ujenzi ulipoanza, serikali ilitoa sheria ya kupanga namna madirisha ya nyumba zinazotazama uwanja yatakavyojengwa, ili uwanja wote uwe na sura moja. Maana yake, mji haukujenga jumba tu; ulijenga uwanja na kuwalazimisha matajiri waliouzunguka kuheshimu mpango wa wote. Kati ya mwaka 1338 na 1348 ukaongezwa mnara wa Torre del Mangia, wenye urefu unaokaribia mita 90, na kengele yake iliwaita watu kazini, mikutanoni na kwenye hatari.

Ndani ya jumba hilo kulikuwa na mchanganyiko wa shughuli ambao Husuni Kubwa halikuwa nao. Watawala waliitwa Wale Tisa, na walikaa madarakani kwa miezi miwili tu, kisha wakaingia wengine tisa. Kwa muda huo waliishi jumbani. Walikuwamo pia wakusanya kodi na watunza hesabu wa ofisi ya Biccherna, hakimu mkuu aliyeajiriwa kutoka mji mwingine ili asipendelee ukoo wowote, baraza kubwa la raia 300 lililoitwa kwa kengele, na baadaye gereza. Mtu aliyedaiwa kodi alikwenda huko. Mwenye kesi alikwenda huko. Aliyekuwa na ndugu kifungoni alikwenda huko. Wengi wao hawakwenda kwa furaha, na hilo ni jambo la kuzingatia: jumba la umma halihitaji kupendwa ili lidumu. Linahitaji kuwa mahali ambapo mambo ya watu yanakatwa, yanaandikwa na kuhifadhiwa. Mwaka 1338 na 1339 mchoraji Ambrogio Lorenzetti alipaka kuta za chumba cha Wale Tisa picha za utawala mwema na utawala mbaya. Upande mmoja mji una maduka wazi, mafundi juu ya paa, vijana wanaocheza na wakulima wanaoingia na punda wao. Upande wa pili dhalimu mwenye pembe ameketi, haki imefungwa kamba miguuni pake, na nyumba zinabomoka. Watawala walikaa chini ya picha hizo wakati wa kuamua mambo. Walijiwekea ukutani shahidi wa kuwashtaki.

Sasa tuzipime zile sababu za haraka. Ya kwanza ni vifaa na hali ya hewa. Pwani ya Bahari ya Hindi ina mvua kali, mizizi ya miti hupasua kuta, chumvi hula chokaa, na boriti za mikoko huoza zisipobadilishwa. Italia ya kati ni kavu zaidi, na matofali yaliyochomwa vizuri huvumilia. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama Kilwa isingekuwa na jengo jingine la kulinganisha. Bahati nzuri inalo. Msikiti Mkuu wa Kilwa ni mkongwe kuliko Husuni Kubwa, na sultani yuleyule, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye aliyeupanua sana mwanzoni mwa karne ya 14, akaongeza ukumbi wa nguzo za matumbawe na kuba kubwa. Mawe ni yaleyale, chokaa ni ileile, mafundi ni wa kizazi kilekile, mvua ni ileile. Nyongeza ile iliporomoka. Lakini katika karne ya 15 watu wa Kilwa waliijenga upya kwa nguzo imara zaidi za pembe nane, na msikiti ukaendelea kutumika. Majengo mawili ya mjenzi mmoja, katika kisiwa kimoja, yote yakapata madhara. Moja likatengenezwa, jingine likaachwa. Hali ya hewa inaeleza kwa nini kuta huanguka. Haielezi kwa nini watu huamua kuziinua tena au kuziacha.

Msomaji makini atajibu mara moja: msikiti ni nyumba ya Mungu, na waumini hawawezi kuuacha kama wanavyoacha nyumba ya mfalme. Jibu hilo ni zuri, na lingemaliza mjadala kama si Siena yenyewe. Mwaka 1339 Siena ilianza mpango mkubwa wa kupanua kanisa lake kuu, ili lile kanisa lililokuwapo liwe sehemu tu ya kanisa jipya kubwa zaidi. Tauni ya mwaka 1348 iliua sehemu kubwa sana ya wakazi, fedha zikakauka, na kasoro za ujenzi zikaonekana. Mpango ukaachwa. Ukuta wa mbele wa upanuzi huo bado umesimama peke yake mpaka leo, bila kanisa nyuma yake. Mji uleule, mwaka uleule wa msiba, ulimaliza mnara wa jumba lake na kuendelea kulitumia. Kwa hiyo si dini inayookoa jengo, wala si siasa inayoliua. Kanisa la zamani la Siena liliendelea kuwa na watu wake. Upanuzi wake ulikuwa ndoto ya fahari isiyokuwa na waumini wa kuujaza baada ya tauni. Husuni Kubwa lilikuwa ndoto ya namna hiyo. Msikiti wa Kilwa na jumba la Siena, ingawa moja ni la ibada na jingine la serikali, yalikuwa na kitu kimoja: kundi la watu ambalo halikufa na mtu mmoja.

Sababu za haraka zilizobaki ni biashara na vita. Wengi husema Kilwa ilivunjwa na Wareno. Ni kweli kwamba Vasco da Gama alifika mwaka 1502 kudai ushuru, na Francisco de Almeida aliuvamia mji mwaka 1505, akaupora na kujenga ngome ambayo Wareno wenyewe waliiacha mwaka 1512. Lakini wakati huo Husuni Kubwa lilikuwa limehamwa kwa zaidi ya karne moja. Mreno hawezi kushtakiwa kwa kifo kilichotokea kabla babu yake hajazaliwa. Hoja ya biashara ni nzito zaidi, kwa maana kuna dalili kwamba biashara ya Kilwa ilidhoofika katika nusu ya pili ya karne ya 14. Hata hivyo iliinuka tena. Ujenzi mpya wa msikiti ni ushahidi mmoja. Ushahidi mwingine ni Songo Mnara, kisiwa cha jirani, ambacho tangu mwisho wa karne ya 14 mpaka mwanzoni mwa karne ya 16 kilikuwa na mji mzuri wa mawe, wenye nyumba nyingi na misikiti kadhaa. Fedha zilikuwapo, mafundi walikuwapo, mawe na chokaa vilikuwapo. Hakuna aliyerudi kumaliza Husuni Kubwa. Watu walijenga nyumba walizozihitaji na misikiti waliyosalia, wakaliacha jumba la mwambani kwa sababu halikuwa na kazi waliyoikosa.

Lipo pingamizi jingine linalotoka upande wa pili, nalo linahitaji uaminifu. Siena haikuwa demokrasia. Wale Tisa walichaguliwa kutoka kundi dogo la wafanyabiashara matajiri. Wakuu wa koo za kale walizuiwa, na mafundi na vibarua hawakuwa na nafasi pia. Mwaka 1355 watu waliasi na kuwapindua. Je, si udanganyifu kuliita jumba lao nyumba ya mji? Ningekubali kama jumba lingechomwa au kuachwa pamoja nao. Kilichotokea ni kwamba waliowapindua waliingia katika vyumba vilevile, wakapiga kengele ileile. Mwaka 1555 Siena ilipoteza uhuru wake kabisa, na baadaye ikawa chini ya watawala wa Florence, lakini jumba likaendelea kuwa ofisi ya mji. Mpinduzi hubomoa nyumba ya aliyepinduliwa. Hawezi kubomoa daftari la kodi, kumbukumbu za mashamba na chumba cha mahakama bila kujiumiza mwenyewe. Udhalimu wa Wale Tisa ni hoja dhidi ya Wale Tisa. Si hoja dhidi ya jengo lililowekwa katikati ya mambo ya watu wote.

Hata hivyo, shughuli za watu peke yake hazitoshi, na pwani ya Waswahili imetoa onyo la karibuni. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe za ufalme, ilikuja kuwa ofisi za serikali ya kikoloni, kisha makumbusho ya taifa yaliyotembelewa na wageni wengi. Ilikuwa na kazi na ilikuwa na watu. Lakini ilikuwa na nyufa zilizojulikana kwa miaka, na Desemba 2020 sehemu yake kubwa ikaporomoka wakati wa matengenezo, ikaua watu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesi hii haivunji hoja yangu, ila inaikamilisha. Watu wanaoingia kila siku ndio sababu ya kulitunza jengo. Lakini lazima pawe na mtu anayewajibika, mwenye bajeti, ambaye watu hao wanaweza kumwuliza kwa nini paa linavuja. Siena ilikuwa na ofisi ya hesabu chini ya paa lilelile, na gharama za ukarabati ziliandikwa humo kama gharama nyingine. Jengo linalotumiwa na wote lakini lisiloangaliwa na mtu yeyote liko katika hatari karibu sawa na jumba la mfalme.

Kongo nayo ina Husuni Kubwa yake, na ni karibu zaidi na kumbukumbu zetu. Huko Gbadolite, katika msitu wa kaskazini, Mobutu alijenga majumba ya marumaru na uwanja wa ndege uliotosheleza ndege ya Concorde. Mwaka 1997, utawala wake ulipoanguka, majumba hayo yaliporwa, na miti ikaanza kuota ndani ya kumbi. Hapakuwa na lava wala tetemeko. Watu wa Gbadolite hawakuwa na hati, kesi, soko wala shule ndani ya majumba yale, basi hawakuwa na sababu ya kuyalinda. Goma, kwa upande wake, umepata majanga ambayo Gbadolite haikuyapata. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ikafunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ikaharibu eneo la biashara na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, na kuacha zaidi ya watu 100,000 bila makazi. Kabla jiwe halijapoa vizuri, watu walikuwa wamerudi, wakaweka vibanda juu ya lava, kisha nyumba za mbao, kisha kuta za mawe ya volkano yaleyale yaliyowaangamiza. Waumini wa Mtakatifu Yosefu walipoteza kanisa, hawakupoteza parokia. Wafanyabiashara wa Birere walipoteza maduka, hawakupoteza soko. Kinachofanana na Msikiti wa Kilwa kipo Goma tayari: ni vikundi vya watu vinavyojua kuinua tena kilichoanguka.

Kinachokosekana ni jumba lenye watu wa namna hiyo upande wa utawala. Katika mji uliopitiwa na watawala wengi, raia amezoea kuiona nyumba ya serikali kama ngawira: anayeingia mjini huichukua, anayeondoka huiacha, na mwananchi hupita barabarani akiitazama kwa mbali. Lakini mwananchi huyohuyo ana mambo mazito yanayohitaji nyumba isiyohama. Ana parseli aliyoinunua, na ikiwa karatasi zake hazijulikani ziliko, jirani atahamisha mpaka. Ana mtoto aliyezaliwa anayehitaji kuandikishwa eta-sivili. Ana ndugu waliofika kutoka Rutshuru au Masisi kwa kukimbia vita, wanaohitaji kujulikana kisheria ni nani. Kwa wafanyabiashara wa masoko ya Virunga, Alanine na Kituku, kodi inayolipwa bila risiti inayotambuliwa na mtawala anayefuata ni kodi itakayolipwa mara mbili. Haya ndiyo mambo yaliyokuwa ndani ya jumba la Siena. Hayakuwa ndani ya Husuni Kubwa.

Atakayesema kwamba mji ulio vitani hauna nafasi ya kufikiria majumba atakuwa na haki upande mmoja. Anayelala na njaa hafikirii kuba. Lakini historia ya Siena haitufundishi kungoja amani ndipo tujenge mambo ya umma. Mji ule ulijenga jumba lake katikati ya ugomvi wa koo na vita na miji jirani, na uliajiri hakimu kutoka nje kwa sababu tu haukuwaamini watu wake wenyewe. Jumba lilikuwa dawa ya kutoaminiana. Halikuwa zawadi ya kuaminiana. Goma hauhitaji mnara wa mita 90 wala birika la pembe nane. Unahitaji nyumba ya mji iliyo mahali ambapo watu hupita kwa miguu, katikati ya masoko na vituo vya pikipiki, mbali na makazi ya gavana yeyote. Nyumba ambayo daftari za viwanja, za vizazi na za kodi zimewekwa pamoja, na nakala zake zimehifadhiwa mahali pengine ambapo lava haifiki. Nyumba yenye fundi anayelipwa kuitunza na baraza linalomhoji fundi huyo. Nyumba ya namna hiyo inaweza kuwa ya mawe ya volkano na mabati. Kila atakayeushika mji ataihitaji, na kila raia atakuwa na hati yake humo. Watawala wataingia na kutoka, lakini yeyote atakayetaka kuibomoa atajikuta anapingana na kila mwenye parseli, kila mzazi na kila mfanyabiashara wa Goma kwa wakati mmoja.